Nyumba ya Miloje Kijijini Suvi Brod

Suvi Brod, 12 Septemba 1976

Mdogo wangu Miloje,

Pokea salamu za sisi sote wa huku. Tu wazima, isipokuwa mgongo wa Baba na jogoo wetu, ambao wamepatana kutuamsha kabla hapajapambazuka, mmoja kwa kuguna na mwingine kwa kuwika. Msalimie sana wifi yangu Radinka. Mwambie ile skafu aliyonitumia niliivaa kanisani Jumapili, wanawake wawili wakasahau kuimba.

Binti yenu Dobrila ameingia darasa la pili. Ameota meno ya mbele, makubwa kama ya sungura, na sasa anamchekea kila apitaye, hata jirani yetu Bogoljub, ambaye hastahili. Plamu zimezaa mwaka huu mpaka matawi yanapasuka. Baba amekwisha kuzipikia pombe, rakija ya kwanza. Aliionja akasema bado, akaionja tena akasema bado, mpaka ikabidi nimfiche kikombe.

Haya, tuje kwenye nyumba yako. Fundi Sretko amemaliza ghorofa ya pili, na leo amenifuata hadi kwenye ushirika wa maziwa kuniuliza kama kweli unataka ya tatu. Nikamwambia ndivyo ulivyoandika.

"Wataishi watu wangapi humo?" akauliza.

"Kwa sasa, hakuna."

Akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema, "Basi watakuwa na nafasi ya kutosha."

Miloje, huu ni mwaka wa tano tangu wewe na Radinka mpande treni ya Vienna, mkatuachia mtoto, mkasema mnakwenda kutafuta pesa za trekta tu. Trekta lilinunuliwa zamani, sasa kuku wanatagia chini yake. Halafu ikawa nyumba ndogo. Halafu Bogoljub akajenga ghorofa mbili kwa pesa za mwanawe Zvonko aliye huko huko kwenu, nawe ukataka tatu. Yeye akiongeza, nawe utaongeza, na mimi magoti ya kupanda mawinguni sina.

Nijibu kabla theluji haijaanguka: mbili au tatu?

Dada yako,
Vukosava

*

Vienna, 3 Oktoba 1976

Dada Vuka,

Tatu! Tena Sretko akiuliza mara ya pili, mwambie nne.

Sisi huku tuko imara kama reli. Kazi ipo, mkate upo, chumba kina joto. Radinka bado anasafisha hospitalini, mimi bado napanda majukwaa ya ujenzi, na mji wenyewe umejaa watu wetu kiasi kwamba Jumamosi sokoni nasikia matusi mengi ya bonde letu la Mlava kuliko nilivyoyasikia huko Mlava. Juzi mzee mmoja alimtukana muuza samaki kwa maneno ambayo sijayasikia tangu marehemu Mama alipomkimbiza mbuzi wa Bogoljub. Nusura nimkumbatie.

Sasa sikiliza vizuri. Bogoljub ameweka sanamu za tai kwenye nguzo za lango lake. Zvonko alinionyesha picha. Tai, dada! Kana kwamba yeye ni mfalme wa wapi sijui. Sisi tutaweka simba, wawili, wa saruji, wameketi, mdomo wazi. Kuna fundi wa sanamu kule Petrovac, mtafute. Bafu liwe na vigae vya rangi ya waridi. Sebuleni kutatandikwa zulia jekundu ambalo Zvonko atalileta kwa gari lake, na mtu yeyote asilikanyage mpaka nifike. Baba ahamie chumba cha chini, karibu na jiko, ili mgongo wake upate joto.

Dobrila naye, chumba chake ni kile kinachotazama mto. Mwambie baba yake anamjengea dirisha kubwa kuliko la ofisi ya kijiji. Namtumia viatu vyekundu na mwanasesere anayefumba macho. Siku hizi anapenda nini?

Tutakuja Desemba kwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo. Haijapata kutokea ukoo wetu ukawasha mshumaa wake bila mimi, na mwaka huu pia sitakosa. Andaa nguruwe.

Ndugu yako,
Miloje

*

Suvi Brod, 28 Novemba 1976

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwenye nyumba inayonuka vitunguu saumu na moshi. Tumechinja nguruwe Jumanne. Soseji zinaning'inia, kabeji iko kwenye pipa inachacha taratibu, na Baba ameweka kiti chake chini ya soseji anasema anazilinda. Theluji imefika hadi kwenye vifundo vya miguu.

Zvonko alileta mzigo. Mwanasesere ni mzuri, anafumba macho vizuri kuliko Baba kanisani. Viatu navyo ni vizuri mno, ila umevinunua vya mtoto uliyemwacha. Mguu umekua, Miloje. Dobrila alivilazimisha, akatembea navyo hadi mlangoni na kurudi akitabasamu kwa machozi, kisha akasema vinamtosha kabisa, tusiwaambie. Nimekuchorea unyayo wake kwenye karatasi, umo ndani ya bahasha hii. Umeuliza anapenda nini. Anapenda hesabu, anapenda kupanda juu ya vitu, na anapenda kujua basi la Petrovac linafika saa ngapi.

Simba wako wamekuja kwa mkokoteni. Fundi wa Petrovac hajapata kuona simba maishani mwake, kwa hiyo amewafananisha na mtu anayemjua. Kijiji kizima kinasema ni postamasta. Postamasta mwenyewe amekwenda kutazama, akarudi posta akafunga dirisha.

Baba hataki kuhamia. Nimembembeleza, Padri amembembeleza. Anaiita "nyumba ya Mjerumani" na hajatia mguu ndani. Nikamwambia Vienna si Ujerumani. Akanijibu:

"Wakati wa vita, hao hao walinipeleka kwao kwenye behewa la ng'ombe, na mlinzi mwenye bunduki juu yangu. Nikawachimbia viazi miaka minne. Mwanangu amekwenda kwa miguu yake, na tiketi amelipa. Sasa niambie, kati yetu nani mjinga?"

Basi anaendelea kulala kwenye kile chumba chetu cha udongo chenye mlango wa kuinamia, na nyumba yako inang'aa mbele yake tupu, kama sahani iliyooshwa.

Dobrila amejifunza shairi la kuwakariria siku ya Mtakatifu Nikola. Nimekatazwa kusema linahusu nini. Njooni mapema, barabara ya milima ya Homolje huzibwa na theluji.

Vukosava

*

Vienna, 10 Januari 1977

Dada Vuka mpenzi,

Heri ya mwaka mpya, na heri ya Krismasi yetu iliyopita. Tunatumaini nyote ni wazima, na Baba hajaanguka kwenye barafu.

Samahani kwa Desemba. Mlipata telegramu? Msimamizi alitubana, kazi haikuwa ya kuacha. Halafu na Radinka tumbo lilikuwa likimsumbua, daktari akamkataza safari ndefu. Si jambo la kutisha, usiwe na wasiwasi, limekwisha kuwa zuri. Tuliwasha mshumaa hapa chumbani, nikakata mkate wa sikukuu mwenyewe, nikaukata vibaya.

Viatu vipya nimenunua kwa kupima ule unyayo. Namtumia Dobrila pia redio ndogo. Mwambie akiiweka juu ya kabati la jikoni na kuzungusha kitufe polepole, ataipata Vienna. Muziki atakaousikia yeye, na sisi tutakuwa tunausikia.

Alisoma shairi?

Mapazia ya ghorofa ya kwanza yawe meupe. Na zulia, nakukumbusha, lisikanyagwe.

Miloje

*

Suvi Brod, 20 Machi 1977

Mdogo wangu,

Najua mmesikia habari za tetemeko, kwa hiyo naanza na hilo ili mpumue: hakuna aliyeumia. Tulikuwa tunakula. Supu ilianza kutembea mezani yenyewe, taa ikacheza, mbwa wote wa bonde wakalia kwa sauti moja. Baba akasema kwa utulivu, "Hii si rakija, sijanywa," tukatoka nje. Nyumba yetu ya udongo imetingishika ikakaa palepale. Yako pia ni nzima, Sretko anajisifu mpaka leo. Tai mmoja wa Bogoljub amedondoka kichwa. Sisemi kitu. Nimekuandikia tu kama habari.

Lakini bomba la moshi la shule limeanguka ndani ya darasa, likapasua paa na ukuta mmoja. Mungu alisaidia hapakuwa na mtoto. Mkaguzi kutoka wilayani alikuja, akatazama ufa, akatia mkono wake wote ndani ya ufa, akafunga shule. Akasema watoto wetu watembee hadi kijiji cha pili mpaka pesa za ukarabati zipatikane. Watoto wa umri ule, kupitia msitu, na mbwa mwitu walikuwa wanalia mwezi uliopita!

Unamkumbuka Mwalimu Jelica? Alizaliwa kwenye kile kijiji ambacho sasa kiko chini ya ziwa la bwawa la Danubi. Alisimama mbele ya ukuta uliopasuka akasema, "Shule yangu ya kwanza ilichukuliwa na maji, ya pili na ardhi. Sasa nangoja ya tatu ichukuliwe na upepo." Kisha akaketi juu ya jiwe, akalia kama mtoto.

Usijali, watoto wanasoma. Wamepata mahali pakavu, penye joto.

Zvonko akija Pasaka, mpe sabuni ya kusugulia sakafu, nyingi kadiri gari lake linavyobeba. Usiniulize.

Shairi alilisoma. Alilisoma mbele ya Baba na mimi, kisha akauliza kama anaweza kuliweka mpaka mwaka ujao.

Wifi yangu tumbo linaendeleaje?

Vuka

*

Vienna, 2 Aprili 1977

Dada Vuka,

Tumshukuru Mungu. Siku ile nilikwenda posta kupiga simu mpaka yule binti wa dirishani akanizoea. Sabuni hiyo, Zvonko anayo, amelalamika gari linanuka kama hospitali.

Umeniambia nisiulize, nami ni mdogo wako, siulizi. Lakini hapo mahali pakavu penye joto ni wapi? Kwenye ushirika? Kanisani?

Radinka yuko salama, anawasalimu. Ile habari ya kichwa cha tai nimeisoma mara nyingi sana.

Miloje

*

Suvi Brod, 17 Aprili 1977

Miloje,

Kristo amefufuka. Baba ni mzima, mayai tulipaka rangi, mvua imenyesha. Salamu zimekwisha.

Jana nilikuwa kwenye foleni ya mkate. Mbele yangu alisimama mke wa Bogoljub, amejikwatua, ananitazama kama paka aliyelamba krimu. Akanigeukia mbele ya watu wote:

"Hongera, Vuka! Zvonko anasema mtoto ni mnene, mashavu hivi!"

"Mtoto gani?"

"Ala! Wa ndugu yako. Wa kiume. Tangu Februari. Usiniambie hujui!"

Nikamwambia najua, ila mimi si wa kutangaza mambo ya watu kwenye foleni. Nikanunua mkate. Nikatembea hadi nyumbani na kusahau chenji yangu.

Tumbo lilikuwa linamsumbua! Umenifanya mjinga, Miloje. Ningesuka soksi. Ningeomba. Ningefurahi, mbona unadhani nisingefurahi? Dada yako ndiye aliyekufundisha kufunga vifungo vya shati, halafu habari ya damu yangu napewa na yule mwanamke pamoja na mkate.

Haya, mimi si kitu. Lakini Dobrila alikuwa amenishika mkono pale pale. Tulipofika langoni akauliza, "Huyo mdogo anakaa nao?"

Nikasema ndiyo, bado ni mchanga.

"Na akikua?"

Nikamtuma kuni.

Jibu hilo niandikie wewe.

Vukosava

*

Vienna, 15 Mei 1977

Dada Vukosava,

Naandika jina lako zima makusudi, kwa sababu na mimi nina la kusema.

Zvonko amerudi. Alinikuta kwenye baa, akaniagizia bia, kisha akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kama ninalipwa kodi na wizara ya elimu. Watoto wote wa Suvi Brod wamo ndani ya nyumba yangu! Madawati sebuleni! Ubao umepigiliwa misumari kwenye ukuta niliouagizia karatasi za maua! Chaki kwenye zulia! Anasema saa ya mapumziko wanapanda simba wangu kama punda. Watu wote waliokuwa pale walicheka, dada. Miaka mitano napanda majukwaa kwenye upepo kwa ajili ya nyumba ile, na mimi mwenyewe sijalala humo hata siku moja.

Hapo niliacha kuandika. Nimeendelea leo, siku nyingine. Radinka ameisoma karatasi hii, akanirudishia, akasema, "Maliza, lakini sasa andika ukweli."

Ukweli ni huu. Chumba chetu ni kimoja. Bomba la maji liko kwenye ukumbi, tunalitumia na familia nyingine tatu. Ndiyo maana Dobrila hatukumchukua, mwenye nyumba alikataza watoto. Radinka alipopata mimba tulificha kwa mwenye nyumba, tukaficha kwa watu wetu, na baadaye kuficha kukawa mazoea. Kila nikishika kalamu kukuandikia nilimwona Dobrila akikusomea barua ile kwa sauti, maana najua ndiye anayekusomea ukiwa umesahau miwani. Ningeandikaje, aje ajisomee, kwamba mdogo wake tunakaa naye na yeye hatukai naye? Nikaandika habari za mapazia.

Sasa mji umetupatia nyumba ya vyumba viwili, kwa sababu ya mtoto. Maji yamo ndani. Mvulana hajabatizwa, tunamleta Agosti abatizwe kanisani kwetu. Na tukirudi, tunataka kurudi na Dobrila. Shule nimekwisha kuiona, iko mtaa wa pili.

Najua ninachokuomba. Mwambie wewe, dada, polepole. Kwako atasikia.

Zulia lina hali gani?

Miloje

*

Suvi Brod, 19 Juni 1977

Mdogo wangu Miloje,

Tu wazima. Cheri zimeiva, ndege wamekula nusu, watoto wa shule wamekula nusu nyingine. Soksi za mvulana ziko tayari, jozi nyingi, za bluu.

Zulia nililikunja siku ya kwanza, liko darini pamoja na majani ya kufukuzia nondo. Zvonko ni mwongo. Chaki iko sakafuni, na sakafu inasuguliwa kila Ijumaa kwa sabuni yako mwenyewe. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa, na ukikataa ningefanya hivyo hivyo, halafu ingekuwa ugomvi. Hivi ni ugomvi mdogo zaidi. Nilimwona Jelica analia juu ya jiwe, na nyuma yake nikaona madirisha yako yote, hakuna hata uso mmoja ndani. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu.

Habari nyingine: Baba ameingia. Jelica hakuweza kuwasha lile jiko lako jipya, moshi ukajaa, watoto wakakohoa. Baba alivumilia nje muda mrefu akitukana, mwishowe akaingia kuliwasha. Keshoye akaja kuangalia kama bado linawaka. Siku hizi ana kiti chake kona ile, na Jelica akichoka, Baba anawasimulia vita. Anawafundisha na Kijerumani. Kijiji kizima cha watoto sasa kinajua kusema "viazi", "kimya" na "haraka".

Kuhusu lile uliloniomba, hapana. Sitamwambia. Kila baya miaka hii nimemwambia mimi: hawaji Pasaka, hawaji kuvuna, hawaji Mtakatifu Nikola. Hili moja ni lako. Utaketi naye, utamtazama, utasema.

Mimi sitamvuta na sitamsukuma. Hilo nakuahidi.

Vuka

*

Vienna, 11 Septemba 1977

Dada yangu Vuka,

Tumefika salama. Mvulana alilala safari nzima kifuani pa Radinka kama furushi, na Baba alisema kweli, zile soseji mlizotufungia hazikufika mpakani, tulizila kabla ya Zagreb.

Hujaandika. Najua sikustahili barua, lakini nimezoea kusubiri postamasta wa Suvi Brod hata wa huku ninamwona na uso wa simba.

Bado nacheka nikikumbuka siku tuliyofika. Nimepanda ngazi za nyumba yangu kwa mara ya kwanza, nina suti, nina masanduku, nimekwisha kupanga maneno makali ya kukwambia. Nafungua mlango, Baba yuko kwenye kona ya sebule anachonga vijiti vya kuwashia moto. Hakunisalimu. Akaitazama miguu yangu.

"Vua viatu," akasema. "Hapa ni shule."

Maneno yote yakanitoka kichwani. Nikavua viatu. Vuka, nilikwenda nikaketi kwenye dawati la mbele kwa soksi, magoti yamenifika masikioni, nikasoma jina la binti yangu ubaoni, kwenye safu ya waliopata alama zote za hesabu. Nilidhani nitakasirika. Nilisubiri hasira ije, haikuja.

Nilimwambia Dobrila siku ya pili baada ya ubatizo, tukiwa mtoni, kama ulivyotaka. Sijui kama alikusimulia. Nilisema yote, ya chumba, ya bomba, ya mwenye nyumba. Alikuwa anatupa mawe majini. Akauliza, "Ulikuwa unaisikiliza ile redio kweli?" Nikasema ndiyo, ila si kila siku. Akasema, "Mimi kila siku." Kisha akatupa jiwe jingine, akasema atakuja, lakini shangazi ndiye wa kuamua. Ndipo nikaja kukutafuta kule ushirikani, nawe ukasema, ukiwa umenigeuzia mgongo, unasukuma madumu ya maziwa: "Mwambie nimesema aende. Na asisahau koti."

Hukuja kituoni. Ulimwambia una maziwa ya kupokea. Mimi nimekulia hapo, dada, maziwa hupokelewa asubuhi, na basi letu liliondoka mchana. Alikutafuta dirishani mpaka tukavuka daraja.

Shuleni wamemrudisha darasa moja kwa sababu ya lugha. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza kama anajua Kijerumani hata kidogo. Akasimama wima, akasema kwa sauti, "Viazi! Kimya! Haraka!" Darasa zima lilipiga makofi. Analala chumba kimoja na mdogo wake, na asubuhi ndiye anayembeba. Radinka anamsuka nywele, anajifunza upya, anazivuta sana, mtoto anavumilia.

Lakini jioni anakaa karibu na mlango. Hatulii. Nikimuuliza kuna nini, anasema hakuna.

Niandikie. Hata matusi.

Miloje

*

Suvi Brod, 9 Oktoba 1977

Mdogo wangu Miloje,

Salamu kwenu nyote wanne. Baba mzima. Pilipili tumezichoma na kusaga, mitungi imejaa, mikono yangu bado inawaka hata kalamu nimeishika kwa kitambaa.

Wilaya imesema paa la shule litajengwa mwakani. Umesikia, mwakani. Kwa hiyo Sretko amejenga choo cha pili uani, kwa ruhusa yako uliyompa mwenyewe pale kwenye meza ya ubatizo, ukiwa umelewa, mbele ya mashahidi. Jelica amehamia ghorofa ya juu. Jioni taa inawaka kule, na Bogoljub hawezi kulala kwa wivu.

Siku ile nilikuwa kilimani, makaburini, karibu na Mama. Kutoka pale barabara yote inaonekana hadi kwenye kona ya kinu. Nilikaa mpaka basi likapotea, na vumbi lake likapotea. Sikuja kituoni kwa sababu nilikuahidi sitamvuta, na mikono yangu siiamini. Nimekwambia, basi. Tusilizungumze tena.

Nyumba imekuwa na nafasi kubwa, hata hii ndogo. Nampikia Baba chakula, nagundua nimepika cha watu watatu. Wiki ya pili Baba alinitazama nikiosha sahani safi. Akasema, "Vukosava, mimi walinipeleka kwa nguvu na nikarudi. Wewe hujakatazwa na mtu. Jiko la shule nitaliangalia mimi, chakula atanipikia yule mwalimu, anapika vizuri kuliko wewe."

Basi nimekwenda Petrovac kuomba pasipoti. Umri huu! Nimepigwa picha, nimetoka kama simba wako. Ofisini alikuwepo kijana mmoja mwenye tai shingoni, hata hakuinua macho.

"Unakwenda wapi?"

"Vienna."

"Kufanya nini?"

"Kumwona mtoto."

"Mtoto wako?"

Miloje, ningeweza kumweleza. Kwamba kuna ndugu, kuna wifi, kuna hivi na hivi. Nyuma yangu palikuwa na foleni. Nikasema, "Ndiyo, wangu."

Akaandika, akapiga muhuri.

Sasa ni jambo la serikali. Radinka asikasirike, mwambie watoto wapo wa kutosha, tutagawana. Na kama wewe una pingamizi, lipeleke Petrovac kwa yule kijana. Mimi nimekwisha kukata tiketi ya Novemba, na mwambieni Dobrila nakuja na koti zito, nitakaa mpaka theluji iyeyuke.

Vuka